Hofu ya Dijkstra na Mlango wa Intarapti

Mwaka 1957 Edsger Dijkstra alikuwa kijana wa miaka 27, akiishi kwa kazi ambayo serikali ya Uholanzi haikuitambua. Alipofunga ndoa mwaka huohuo, maofisa wa Amsterdam walikataa kuandika kwenye cheti kwamba bwana harusi ni mtunga programu, kwani hawakuijua kazi hiyo. Akaandikwa mwanafizikia. Ofisini, Mathematisch Centrum, aliendelea na kazi isiyokuwepo, pamoja na wahandisi wawili waliokuwa wakiunda kompyuta: Bram Loopstra na Carel Scholten.

Utaratibu wa watatu hao ungefaa kuigwa hata leo. Kabla mashine haijaanza kujengwa, waliandika kwa ukamilifu kila amri ambayo mashine ingeweza kuitekeleza na matokeo yake. Karatasi zile zilikuwa mkataba. Wahandisi walikwenda kujenga kilichoahidiwa, na Dijkstra akakaa kutunga programu za mashine ambayo bado haipo. Safari hii, kwa mashine iliyokuja kuitwa Electrologica X1, Loopstra na Scholten walitaka kuongeza kwenye mkataba jambo lililomnyima Dijkstra usingizi.

Tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa la kweli. Tapureta ya umeme huchapa herufi chache tu kwa sekunde, na kompyuta, hata ya miaka ile, iliweza kufanya maelfu ya hesabu kati ya herufi na herufi. Kwenye mashine za awali programu iliagiza herufi ichapwe, kisha ikakaa inasubiri. Pendekezo lilikuwa hili: tapureta, kisoma utepe na kitoboa utepe viwe na waya wa kuishtua prosesa vinapomaliza kazi, nayo iache ilichokuwa ikifanya, ivihudumie, halafu irudi palepale ilipoachia. Dereva wa daladala hageuki nyuma kila baada ya nyumba tatu kuuliza kama kuna anayeshuka. Kondakta hugonga bodi, na gari likasogea pembeni. Kugonga huko kwa bodi ndiko intarapti.

Dijkstra aliingiwa na kiwewe. Miaka zaidi ya 40 baadaye, akiwa ameshastaafu kutoka Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliyaandika hayo kwa mkono wake katika kumbukumbu zake kuhusu uundaji wa mifumo endeshi, waraka wa 1303 katika mfululizo wake maarufu wa EWD. Anasimulia bila kujikweza kwamba aliona mbele yake programu zenye makosa yasiyorudiwa, akakataa. Loopstra na Scholten walilazimika kumsifu-sifu, wakimwambia kwamba kama kuna mtu wa kuliweza jambo hilo ni yeye, mpaka akalegea na kuanza kulichunguza.

Hofu yake inahitaji kufafanuliwa, maana vitabu vingi vya kufundishia maikrokontrola huiruka na kwenda moja kwa moja kwenye rejista. Programu ya kawaida ikikosea leo, kwa data zilezile itakosea vilevile kesho. Unaweza kuikamata, ukaipitia mstari kwa mstari. Intarapti huvunja desturi hiyo. Tapureta haimalizi herufi kwa mapigo ya saa ya prosesa, inamaliza inapomaliza. Kwa hiyo kukatizwa kunaweza kutokea kati ya amri yoyote na inayofuata, na programu yenye amri 1,000 ina mianya karibu 1,000. Labda mwanya mmoja tu ndio wenye sumu. Fundi anaweza kuendesha mashine mwezi mzima bila kuukanyaga, kisha mteja akaukanyaga siku ya kwanza. Na anapolalamika, mtunga programu atasema ni hitilafu ya umeme, mhandisi wa umeme atasema ni programu, na wote wawili hawatakuwa na ushahidi.

Alipokubali kulitazama pendekezo, Dijkstra hakuanza kwa kuandika programu. Alijiuliza kwanza kama inawezekana kabisa, kwa mashine jinsi ilivyochorwa, kuhifadhi hali ya programu iliyokatizwa na kuirudisha bila hata chembe kupotea. Jibu alilopata lilikuwa hapana. Intarapti ya pili ingeweza kuingia wakati ya kwanza ingali ikihifadhi rejista, ikazifuta zile ambazo bado hazijahifadhiwa. Akaonyesha kwamba lazima kibadilishwe kitu: ama hali za programu zilizokatizwa zipangwe kwenye rundo, ya mwisho juu, ama iwepo amri ya kufunga mlango wa intarapti kwa muda. Wenzake wakabadilisha mchoro. Hapo ndipo alipotunga programu ya kupokea intarapti, akithibitisha kwa hoja, kabla ya kujaribu chochote, kwamba inahifadhi na kurudisha kila kinachotakiwa. Mwaka 1959 kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari.

X1 haikuwa kompyuta ya kwanza duniani kuwa na intarapti. DYSEAC ya Marekani ilikuwa nazo mwaka 1954. Kinachoipa X1 nafasi ya pekee ni kwamba aliyepewa kuitungia programu alikataa kuamini majaribio, akadai mashine ibadilishwe mpaka iweze kufikiriwa.

Dai lake lingali hai ndani ya vipande vya silikoni vya bei ndogo. Chukua ATmega328P, maikrokontrola iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, ambayo wanafunzi wa elektroniki wengi huanzia hapo. Ndani ya rejista yake ya hali, SREG, kuna biti moja iitwayo I. Ikiwa 1, mlango wa intarapti uko wazi; ikiwa 0, umefungwa. Intarapti inapopokelewa, chipu yenyewe huisukuma anwani ya kurudia juu ya rundo na kuifuta biti ya I, ili asiingie mwingine kabla wa kwanza hajajipanga. Masuluhisho mawili aliyoyaweka Dijkstra mezani, rundo na mlango, chipu hii imeyachukua yote. Ila haimsaidii mtunga programu zaidi ya hapo. Rejista za kazi na hiyo SREG yenyewe ni juu yake, au juu ya kompaila yake, kuzihifadhi. Anayeandika kwa lugha ya mashine akisahau kuhifadhi SREG, hesabu ya programu kuu itageuka pale intarapti itakapoingia, kwa mfano, kati ya kulinganisha namba mbili na kuchukua uamuzi. Ule ule mwanya wa sumu.

Kuweka intarapti kwenye chipu hii ni kazi ya mistari michache. Tuseme fundi anaunda mita ya maji kwa sensa ya YF-S201, ile ya plastiki yenye panga ndogo na sumaku ndani, ambayo hutoa mapigo takriban 450 kwa kila lita. Waya wa mapigo anauchomeka pini ya 2 ya Arduino, ambayo kwa chipu ni INT0. Kwenye rejista ya EICRA anachagua kwamba ishara ihesabiwe inaposhuka kutoka volti 5 kwenda 0. Kisha anaifuta alama ya INTF0, kwa sababu ishara yoyote iliyopita wakati wa kuandaa pini inaweza kuwa imeshaiweka, na mlango ukifunguliwa tu atahesabu pigo ambalo si la maji. Wageni hushangaa hapa: alama hiyo hufutwa kwa kuandika 1, si 0. Halafu anawasha INT0 kwenye EIMSK, na mwisho kabisa anafungua mlango mkuu kwa amri ya sei. Mpangilio huo si wa mapambo. Ukiufungua mlango mkuu kwanza na kupanga mengine baadaye, umewakaribisha wageni nyumba ikiwa haijafagiliwa.

Programu ya kupokea pigo ina kazi moja, kuongeza 1 kwenye kihesabio. Programu kuu, kila sekunde, inakisoma kihesabio na kuonyesha lita. Fundi anafungua bomba, namba zinapanda, anajaza ndoo ya lita 20 na kulinganisha, anaridhika.

Mwanya wa sumu upo, na unaweza kuhesabiwa. ATmega328P ni chipu ya biti 8, na kihesabio cha mapigo kina baiti mbili. Kukisoma ni amri mbili: kwanza baiti ya chini, kisha ya juu. Sasa kihesabio kiwe 255, yaani baiti ya juu ni 0 na ya chini imejaa. Programu kuu inasoma ya chini, inapata 255. Papo hapo pigo linaingia, kihesabio kinakuwa 256: ya juu 1, ya chini 0. Programu kuu inarudi kutoka kukatizwa bila kujua lolote, inasoma ya juu, inapata 1. Jumla inayotoka ni 511. Mapigo 255 yamezuka hewani, zaidi ya nusu lita ya maji ambayo hayakupita.

Je, litatokea mara ngapi? Mwanya ule una urefu wa mizunguko miwili ya saa, na kwa saa ya megahezi 16 hiyo ni nanosekunde 125. Bomba likitoa lita 10 kwa dakika, mapigo ni 75 kwa sekunde, na kihesabio huvuka kutoka baiti iliyojaa kila baada ya sekunde 3.4 hivi. Programu kuu ikisoma mara moja kwa sekunde, uwezekano wa usomaji kuangukia ndani ya mwanya wakati wa mvuko mmoja ni kama 1 kwa 8,000,000. Piga hesabu mpaka mwisho: kosa moja kwa takriban siku 316 za maji yanayotiririka usiku na mchana bila kukoma. Hakuna fundi atakayelijaribu hilo mezani. Lakini mita 1,000 zikifungwa mitaani chini ya hali hiyohiyo, mahali fulani mita moja itadanganya kila baada ya saa 7 na nusu hivi, na kila malalamiko yatatoka nyumba tofauti. Geuza kitu kimoja tu, programu kuu isome kihesabio mara 10,000 kwa sekunde badala ya moja, na kosa lilelile litajitokeza kila baada ya dakika 45. Programu haikuharibika kwa badiliko hilo. Ilikuwa imeharibika tangu mwanzo.

Dawa yake inajulikana: funga mlango, soma baiti zote mbili, rudisha mlango ulivyokuwa. Rudisha ulivyokuwa, si ufungue tu, kwa sababu huenda aliyekuita alikuwa ameufunga kwa makusudi yake. Wengi hudhani neno volatile linatosha. Halitoshi. Neno hilo huikataza kompaila kuweka nakala ya zamani ya kihesabio kwenye rejista na kuitumia milele, na bila neno hilo programu kuu huenda isione mapigo kabisa. Lakini haliziunganishi amri mbili ziwe moja. Kosa la kwanza huonekana siku ya kwanza na hurekebishwa. La pili hubaki, likiwa limejificha nyuma ya marekebisho ya lile la kwanza.

Kumbukumbu za pili zinazofaa kusomwa sambamba na za Dijkstra ni za Don Eyles, mmoja wa vijana wa maabara ya MIT walioandika programu ya kutua mwezini. Kitabu chake, Sunburst and Luminary, kilitoka mwaka 2018. Kompyuta ya Apollo ilikuwa babu wa maikrokontrola kwa kila hali: maneno 2,048 ya kumbukumbu inayofutika, maneno 36,864 yaliyosukwa kwa nyaya yasiyofutika, na sehemu ndogo ya meta ya ujazo kukaa. Ilikuwa na milango 11 ya kuingilia intarapti, ukihesabu ule wa kuwashia, kila mmoja ukiwa na nafasi ya maneno 4 tu: kuhifadhi rejista, kuruka kwenda penye kazi. ATmega328P ina milango 26 yenye nafasi ya kuruka tu. Anayeijua moja hataona ugeni kwenye nyingine.

Kanuni moja ya maabara ile ilikuwa kali. Kazi zilizofanyika ndani ya intarapti, zile zilizopangiwa saa maalumu, hazikuruhusiwa kuzidi milisekunde 4. Yenye kuhitaji muda zaidi iliandikishwa kwenye orodha ya kazi za kawaida, ifanyike mlango ukiwa wazi. Na mashine yenyewe ilikuwa na mlinzi wa umeme: intarapti ikikaa muda mrefu kupita kiasi, au zisipotokea kabisa kwa muda, kompyuta ilijianzisha upya.

Tarehe 20 Julai 1969, kama dakika 5 baada ya Neil Armstrong na Buzz Aldrin kuanza kushuka kuelekea mwezini, kompyuta ilitoa onyo 1202: hakuna nafasi ya kuandikisha kazi mpya. Maonyo ya namna hiyo yalikuja mara tano kabla ya kutua. Chanzo, kama Eyles anavyokieleza, kilikuwa rada ya kukutania na chombo mama, ambayo wakati ule haikuhitajika. Umeme wake na umeme wa mfumo wa uongozaji vyote vilikuwa vya hezi 800. Waraka wa makubaliano ulitaka masafa yalingane. Haukutaka mawimbi yaanze pamoja. Tofauti ya mwanzo ilitegemea dakika na sekunde swichi ilipowashwa, na siku ile iliangukia pabaya. Vipimo vya pembe mbili za rada vikaanza kumwaga mapigo, hadi 6,400 kwa sekunde kila kimoja. Haya hayakuwa intarapti kwa maana kamili. Yalikuwa vihesabio vinavyoiba mzunguko mmoja wa kumbukumbu bila kuiuliza programu. Mzunguko mmoja ulikuwa mikrosekunde 11.7. Ukizidisha kwa 12,800 unapata asilimia 15 ya muda wote wa kompyuta, zimechukuliwa na rada isiyo na kazi.

Kilichowaokoa wanaanga ni mpango uliokuwepo kabla ya siku hiyo: kazi zilipojaa, kompyuta ilifuta zote, ikaanza upya na zile za lazima kwa kuongoza chombo, na za pembeni zikaachwa. Lakini kinachopaswa kumkaa fundi wa leo kichwani ni ile asilimia 15. Kila pigo peke yake lilikuwa dogo kiasi cha kutohesabika.

Mezani, jambo hilohilo hutokea kwa sura ya kuchekesha. Mwanafunzi anataka kuona kama mita yake inapokea mapigo, basi ndani ya programu ya intarapti anaandika amri ya kuchapa ujumbe wa herufi 20 kwenye kompyuta yake, kwa kasi iliyozoeleka ya biti 9,600 kwa sekunde. Kasi hiyo ni herufi 960 kwa sekunde. Mapigo 75 yanadai herufi 1,500. Bafa ya Arduino Uno, yenye nafasi 64, hujaa kabla ya robo sekunde kwisha, na kuanzia hapo kila intarapti inachukua milisekunde 21 kusubiri herufi zitoke. Pigo jipya huja kila milisekunde 13. Kwa hiyo kila intarapti inapokwisha, nyingine imeshagonga. AVR, familia ya ATmega328P, ina ungwana wa kutekeleza angalau amri moja ya programu kuu kabla ya kupokea intarapti nyingine, na ndivyo programu kuu inavyobaki: amri moja, milisekunde 21 za kusubiri, amri moja tena. Taima inayoendesha saa ya Arduino iitwayo millis iko nyuma ya INT0 kwa mpangilio wa vipaumbele, hivyo haipati zamu hata mara moja. Saa inasimama. Na kwa kuwa alama ya INTF0 ni biti moja, isiyojua kuhesabu, mapigo mawili yakija mlango umefungwa hukumbukwa moja. Mita itaonyesha mapigo 48 kati ya 75. Mwanafunzi ataandika kwenye ripoti kwamba sensa ya bei rahisi haina usahihi, ilhali sensa yenyewe haina kosa lolote.

Chipu za Cortex-M, kama zile za familia ya STM32, zimerahisisha mengi. Intarapti ikiingia kwenye Cortex-M3, chipu yenyewe huhifadhi rejista nane ndani ya mizunguko 12 ya saa, na programu ya kupokea inaweza kuandikwa kama fanksheni ya kawaida ya lugha ya C. Dijkstra angepumua. Ila kila raha ina mtego wake. Jedwali la anwani huja limeshajazwa na majina, kwa mfano EXTI0_IRQHandler, yote yakielekezwa kwenye kitanzi kisicho na mwisho mpaka mtunga programu aandike fanksheni yenye jina hilohilo. Akikosea herufi moja, kompaila haitamwambia neno: kwake hiyo ni fanksheni halali ambayo hakuna anayeiita. Intarapti inakuja, prosesa inaingia kwenye kitanzi, bodi inaganda. Kwa AVR mambo ni kinyume kidogo. Kompaila huonya kuhusu jina lisilofahamika, lakini intarapti iliyowashwa bila mpokeaji huipeleka programu mwanzo kabisa, kama bodi iliyozimwa na kuwashwa. Fundi huona inajizima-jizima, akabadilisha adapta, akaongeza kapasita, akalaani umeme.

Mtego mwingine wa STM32 ni mwembamba zaidi. Kwenye chipu hizi mtunga programu ndiye anayeifuta alama ya intarapti. Akiifuta kwenye mstari wa mwisho kabisa, amri ya kufuta inaweza kuwa bado njiani kuelekea kwenye kifaa wakati prosesa tayari inatoka. Inaiona alama ingali juu, inaingia tena. Pigo moja huhesabiwa mawili, mara nyingine, kutegemea mpangilio wa amri ambao kompaila imeuchagua. Suluhisho ni kufuta mwanzoni. Aliyezoea kufuta mwanzoni huenda asijue kamwe alichoepuka.

Vipaumbele navyo huwachanganya wengi, maana kwenye Cortex-M namba ndogo ndiyo yenye cheo kikubwa, na mwenye cheo kikubwa huruhusiwa kumkatiza mdogo. Hapo mlango wa Dijkstra haujifungi tena wenyewe kwa kila mtu. Ushauri wa mwandishi huyu kwa anayeanza: zipe intarapti zote cheo kimoja mpaka uwe na sababu, iliyoandikwa kwa namba za mikrosekunde, ya kufanya vinginevyo.

Ukitazama namna mafundi makini wanavyofanya kazi, utaona karatasi kabla ya bodi. Wanaorodhesha kila kitu kinachoguswa na pande mbili, programu kuu na intarapti: nani anaandika, nani anasoma, kina baiti ngapi, kinalindwa na nini. Orodha ikizidi mistari michache, wanapunguza vitu badala ya kuongeza ulinzi. Kisha wanachukua pini isiyo na kazi, wanaipandisha mwanzo wa programu ya intarapti na kuishusha mwisho wake, na kuitazama kwenye osiloskopu. Upana wa umbo linaloonekana ni takriban muda wa intarapti. Hicho ni kipimo kizuri cha kilichotokea, si cha kinachoweza kutokea. Kwa hicho cha pili hakuna chombo ila kuhesabu amri za njia ndefu kuliko zote.

Na kuna safu moja ambayo aghalabu husahaulika kwenye orodha hiyo: nani mwingine anafunga mlango? Maktaba za kuazima hufanya hivyo bila kupiga kelele. Taa za rangi za WS2812, zile za mkanda zinazopendwa kwenye mapambo, hudai biti 24 kwa kila taa, kila biti mikrosekunde 1.25, bila kusitasita. Kwa hiyo maktaba inayoziendesha kwenye AVR hufunga intarapti mikrosekunde 30 kwa kila taa. Mkanda wa taa 60 ni milisekunde 1.8. Fundi wa mita ya maji akiongeza mkanda huo ili kuonyesha kiwango cha tangi, hatapoteza pigo hata moja, kwa kuwa mapigo yake yako mbalimbali kwa milisekunde 13 na alama ya INTF0 itamtunzia lile moja. Ila taima ya millis hujaa kila milisekunde 1.024, na katika milisekunde 1.8 mara nyingi hujaa mara mbili ikakumbukwa mara moja. Mkanda ukichorwa upya mara 10 kwa sekunde, saa ya mita itachelewa karibu nusu dakika kila saa, na lita kwa dakika zitaonekana zimepanda ilhali bomba halijaguswa.